Kutoka Selander hadi kichaka cha bibi: siku saba kando ya Msimbazi

Jumatatu

Tulifika Daraja la Selander, Dar es Salaam, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Mikoko ilikuwa imesimama kwenye tope, mizizi imekumbatia kila kilichotupwa na jiji: chupa, ndala, sponji la godoro. Mpwa wangu alitaka kwanza picha ya Daraja la Tanzanite. Nikamwambia atazame maji. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na hapa mjini mvua haikuwa imenyesha kwa siku tisa. Udongo ule ulikuwa na kwao.

Mimi ni fundi bomba, mwaka wa kumi na tisa sasa. Bibi yangu mzaa mama ana eka nne na ushee kwenye vilima vya Pugu. Karibu nusu yake ni kichaka cha asili ambacho hakijawahi kulimwa, na ndani yake kuna chemchemi. Chemchemi inaingia kwenye kijito, na kijito kinaingia Msimbazi. Mjomba amepata dalali wa viwanja na Jumamosi hii ukoo unakaa. Nimeitwa nikaseme neno kwa niaba ya marehemu mama yangu, nami sikutaka kwenda na neno la kusikia. Mto huu ni kama kilomita 35 toka vilimani hadi baharini. Nikachukua likizo ya wiki nipande nao kwa miguu, niwajue watu wanaoishi chini ya kichaka kile.

Jangwani tulipita kimya. Mahali palipokuwa na vibaraza na maduka sasa pamebaki misingi na vigae vilivyovunjika. Wenyewe walilipwa fidia wapishe mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022. Sina ugomvi na mradi huo. Waliowahi kulala juu ya bati na watoto mgongoni wanajua kwa nini unahitajika. Ila nilitembea nikiwaza kwamba huku chini mto una bajeti, na kule juu unakoanzia kuna bibi kizee na dalali.

Kigogo tulikaribishwa maji ya kunywa na mama mmoja wa makamo. Ukuta wa sebule yake una mistari ya mkaa, kila mafuriko na mstari wake. Wa juu kabisa, unaonifika kifuani, ni wa Desemba 2011, mwaka ule jiji lilipozika zaidi ya watu 40 na waathirika wengi wakapelekwa Mabwepande. Kila masika ananunua viroba 40 vya mchanga vya kuziba mlango na ua. Kiroba 1,500. Jumla 60,000, na maji yanaingia vilevile.

Nikamuuliza, kama kuna mtu huko Pugu anaacha msitu wake usikatwe ili maji yashuke taratibu, angekuwa tayari kumlipa? Alifikiri kweli, hakunijibu ili niondoke.

"Ningempa elfu sitini hiyohiyo. Lakini anionyeshe huo mti."

Niliyaandika maneno yake nyuma ya risiti ya viungio vya bomba nikayatia mfukoni.

Jumanne

Kigogo hadi Vingunguti hakuna njia ya kufuata ukingo moja kwa moja. Unaingia uchochoroni, unatokea kwenye bustani za mchicha, unarudi barabarani. Harufu sitaieleza.

Mchana tukaingia soko la Buguruni kutafuta kivuli, na hapo ndipo siku ilipopata maana. Mzee muuza ndizi aliposikia tunakwenda vilimani kwa ajili ya chemchemi alitusogezea kreti tukae. Ni Mluguru, mzaliwa wa Kibungo Juu. Nikampa shikamoo kwa mara ya pili, maana Wazaramo wenyewe tunasimulia kwamba asili yetu ni huko Uluguru. Tena milima hiyo ndiyo inayoujaza Mto Ruvu, na Ruvu ndio mto ninaoufunga kwenye mabomba kila siku. Mtambo wa Ruvu Chini umejengwa kutoa lita milioni 270 kwa siku, wa Ruvu Juu lita milioni 196. Mwishoni mwa Oktoba 2022, Ruvu uliposinyaa tukaingia kwenye mgao, simu yangu haikulala. Watu walidhani fundi bomba ana maji mfukoni.

Mzee akanisimulia matuta. Wakati wa Mwingereza, miaka ya 1950, Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ngumu, bila malipo, na asiyechimba anaadhibiwa. Mwaka 1955 watu wakachoka, zikatokea ghasia kule Matombo, na mpango ukafa. Wazee waliwafundisha watoto wao kwamba tuta ni utumwa.

Miaka zaidi ya hamsini baadaye matuta yakarudi kwenye milima ileile. Mwaka 2008 mashirika ya CARE na WWF yalikuwa yakiendesha mpango wa kuwalipa wakulima wa Kibungo wanaotunza ardhi kwa faida ya mto. Upande wa wanunuzi waliingia DAWASCO, waliokuwa wakiendesha maji ya Dar es Salaam wakati ule, na Coca-Cola Kwanza, ambao kiwanda chao hakiwezi kufanya kazi bila maji safi. Mkulima anachimba matuta ya fanya juu au fanya chini, yaani udongo wa mtaro unatupwa upande wa juu au wa chini, anapanda miti, anaacha ukanda wa majani kando ya mto. Eneo linapimwa, analipwa kwa alichokifanya.

"Babu, tuta ni tuta," nikamwambia. "Tofauti iko wapi?"

"Mara ya kwanza walikuja na askari. Mara ya pili walikuja na kamba ya kupimia na mkataba."

Nikataka kujua kama watu walitajirika. Akatikisa kichwa. Hakuna aliyejenga ghorofa. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: tuta linameza sehemu ya shamba mwaka huuhuu, na udongo mzuri unakuja kukulipa misimu kadhaa baadaye. Hapo katikati watoto wanakula nini? Fedha ile ilikuwa ya kuvukia hapo katikati. Nilimnunulia mkungu mzima wa ndizi mzuzu nisiouhitaji, mpwa wangu akaubeba hadi Tabata bila kunung'unika.

Jumatano

Tabata, Kinyerezi, Ulongoni. Jua kali.

Kuanzia Kinyerezi mto unakuwa mpana na mtupu, kitanda cha mchanga na uzi wa maji katikati. Vijana wanachimba kwa koleo, malori yanashuka hadi mtoni. Mmoja wao, bado hajaota ndevu, aliniambia mchanga unakwenda kwenye ujenzi, na unapokaribia masika baadhi yake unajazwa kwenye viroba unapelekwa mabondeni. Nilisimama pale muda. Yule mama wa Kigogo anaununua mto wake mwenyewe, kiroba kwa kiroba, na kila kiroba kinachochimbwa huku kinazidi kulegeza kingo.

Juu ya ukingo kulikuwa na nguzo ya zege yenye alama nyekundu. Kila mtu wa hapa anajua habari ya mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ni sheria ya haki. Lakini mjane mmoja aliyenikaribisha kivulini ana kiwanja chenye urefu wa mita 48 kutoka ukingoni. Kwa maneno mengine, kiwanja chake chote kimo ndani ya katazo. Amepanda matete na migomba kuzuia udongo, kwa jembe lake na mgongo wake, na majirani wanamwambia ni mjinga, angeuza mchanga kama wengine. Nilitamani aje mtu hata mmoja na kamba ya kupimia amwambie: mama, matete yako tumeyahesabu, shika hiki.

Naamini katazo peke yake linamwachia masikini gharama ambayo faida yake inakwenda kwa wengine. Tunamwambia usichimbe, usilime, usijenge, kisha tunaondoka na kumwacha na ardhi ambayo haiwezi kumlisha.

Alhamisi

Mvua toka alfajiri. Gongo la Mboto kwa shemeji, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

Nikautumia mchana kusoma. Jambo lililonikaa ni la jirani zetu wa Uganda. Kati ya 2011 na 2013, katika wilaya za Hoima na Kibaale, watafiti walichukua vijiji 121 vyenye misitu ya watu binafsi, misitu ambayo sokwe wanaitegemea. Kwa bahati nasibu wakavigawa mafungu mawili: fungu moja wenye misitu wakapewa fursa ya kulipwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka wasikate, fungu la pili wakaachwa kama walivyo. Baada ya miaka miwili, vijiji visivyolipwa vilikuwa vimepoteza asilimia 9.1 ya miti. Vilivyolipwa, asilimia 4.2. Na hawakukuta dalili kwamba waliolipwa walihamishia shoka kwenye msitu mwingine, jambo ambalo lingekuwa swali langu la kwanza.

Shemeji akauliza, "Kwa hiyo hata waliolipwa walikata?" Ndiyo, walikata. Malipo hayakuuponya msitu. Yalipunguza nusu hivi ya ugonjwa, na fundi yeyote anajua bomba linalovuja nusu ni tofauti na lililopasuka.

Ijumaa

Mvua ikakata. Tukapita mnada wa ng'ombe, tukapanda vilima, na saa nne tukawa kwa bibi.

"Mume wangu umechelewa," akasema, kama anavyosema tangu nina miaka mitatu. Akatupa uji, akachukua bakora, akatangulia yeye.

Sijui kama niliwahi kukiona kichaka kile kabla ya siku hii, ingawa nimekijua maisha yangu yote. Unatoka kwenye mihogo yenye jua, unainama chini ya mbungo unaotambaa na kujisokota mitini, na baridi inakupokea shingoni. Juu kuna msandarusi mkubwa, gamba lake limetoa machozi ya utomvu wa manjano. Zamani pwani hii iliuza sandarusi ng'ambo kwa kutengenezea vanishi. Bibi anasema baba yake aliichimba ardhini kwa kijiti. Mbungo ulikuwa na matunda, na mabungo ya humu ndiyo yaliyomlipia mama yangu sare ya shule. Kando ya chemchemi kuna mkole, mti wa unyago kwa sisi Wazaramo.

"Mama yako alichezwa chini ya huu," bibi akasema, akaupigapiga kwa kiganja kama anayempoza mtoto. Baada ya hapo hakusema kitu kwa muda mrefu, nami sikumuuliza.

Chemchemi yenyewe ni ndogo. Mtu akitegemea maporomoko atavunjika moyo. Nilichukua chupa ya lita moja na simu ya mpwa wangu nikapima kama ninavyopima bomba la mteja: sekunde nane. Maji angavu kabisa, siku moja baada ya mvua kubwa. Hatua mia mbili pembeni, kwa jirani aliyekwisha kuuza na mashine ikasawazisha, mfereji ulikuwa unashusha uji mwekundu. Kilima kilekile, mvua ileile. Chini ya miti mvua inadondoka kwenye majani makavu, inazama na kutoka taratibu. Kwenye udongo ulio uchi inapiga na kukimbia. Ningeweza kuieleza kwa maneno mengi zaidi ila chupa mbili nilizozijaza, moja kila upande, zinatosha. Nimezifunga vizuri niteremke nazo.

Bibi hana cheti cha uhifadhi. Hifadhi rasmi ya Pugu na Kazimzumbwi iko jirani, ina mipaka na walinzi wa Wakala wa Huduma za Misitu. Lakini ndege na wanyama hawasomi mabango ya mipaka, na vichaka vya watu kama bibi ndivyo ngazi zao za kupitia. Usiku tulikaa nje taa imezimwa. Karibu saa tatu zikaanza sauti juu ya msandarusi, kijimlio kinachojirudia, kisha, mpwa wangu alipomulika kwa simu, macho mawili ya rangi ya kaa la moto. Komba. Sina utaalamu wa kusema ni komba wa aina gani. Najua kwamba misitu hii ya Pugu, na ule wa Pande upande wa Mabwepande, ni kati ya sehemu chache sana duniani anakopatikana komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia kama brashi ya kusafishia chupa. Amewahi kuorodheshwa miongoni mwa nyani na komba 25 walio hatarini zaidi duniani. Mnyama anayekaa kwenye kiganja, anaishi mwisho wa njia ya daladala ya mamilioni ya watu, na wengi wetu hatujawahi kulisikia jina lake.

Bibi ananiambia yeye anawaita watoto wa usiku, na kwamba hajawahi kumruhusu mtu awarushie jiwe.

Jumamosi

Kikao kilikuwa barazani: mjomba mkubwa, mjomba mdogo, mama mdogo, mimi, na bibi kwenye mkeka wake. Mjomba mkubwa akaeleza bila kuzunguka. Dalali anataka kichaka chote, atapima viwanja 15 vya ishirini kwa ishirini, auze milioni nne kila kimoja. Ukoo anaupa milioni 30 mkononi. Mjomba ana deni la matibabu. Mama mdogo ana watoto wawili sekondari. Niliwatazama na sikuona adui hata mmoja pale.

Nikaeleza safari yangu, nikaweka chupa mbili mbele yao. Mjomba mdogo akaishika ile nyekundu akaitikisa.

"Sawa," mjomba mkubwa akasema. "Nimeelewa. Sasa hiyo fedha ya kulinda itoke wapi? Serikali haina hela ya kulipa kila mwenye kichaka."

Nikamtajia Costa Rica, nchi ndogo isiyo tajiri kama Ulaya. Sheria yao ya misitu ya mwaka 1996 iliweka utaratibu wa kuwalipa wenye ardhi kwa mkataba, na sehemu ya fedha ikatolewa kwenye kodi ya mafuta ya magari. Akanyamaza. Tozo ya mafuta ni lugha anayoijua, ana bodaboda mbili.

Kisha nikawaomba wafanye jambo moja. Huko Australia, jimbo la Victoria, mwaka 2001 walianza kuwapa wenye mashamba nafasi ya kuandika wenyewe, kila mtu kwa siri, bei anayoitaka ili autunze uoto wa asili kwenye ardhi yake. Serikali ikalinganisha bei na thamani ya uoto, ikachagua pale ambapo fedha inalinda zaidi. Niliupenda utaratibu huo kwa sababu unaanza kwa kumuuliza mwenye ardhi. Nikagawa bahasha za kaki. Nikawaambia waandike kiasi ambacho wakikipata kila mwaka, wataiacha miti isimame.

Nilikuwa nimeandika sifuri kwenye karatasi yangu. Nikaichana. Mimi ninakula kwa mabomba, sina haki ya kuwa mkarimu kwa kutumia shida za wenzangu. Nikaandika 400,000.

Mjomba mkubwa: milioni 3. Mjomba mdogo: milioni 1 na laki 8. Mama mdogo: 600,000, na pembeni ameandika "ije Januari, kabla shule hazijafunguliwa." Jumla milioni 5 na laki 8 kwa mwaka. Bibi hajui kuandika, akamwita mpwa wangu, akamnong'oneza sikioni, naye akamwandikia. Karatasi yake haikuwa na fedha. Ilisema: *Nataka hati yenye jina langu.*

Mjomba mkubwa aliisoma mara mbili. Umri wote huo, alichonacho bibi ni karatasi ya serikali ya mtaa yenye muhuri uliofifia. Na hapo nikaona kwamba hata mlipaji akitokea kesho, atauliza anaingia mkataba na nani. Wasio na hati, wapangaji, wajane wanaokaa kwenye ardhi ya jina la marehemu, hao watabaki nje ya mlango hata kama ndio wanaomwagilia miti. Kazi ya kwanza basi ni hati. Jumatatu nitaanza kufuatilia upimaji.

Uamuzi ulitoka saa kumi. "Hadi vuli," mjomba mkubwa akasema. "Vuli ikipita bila mnunuzi wa kivuli, dalali namba yangu anayo." Ni haki yake. Nilimshika mkono na kumshukuru.

Jumapili

Tuliteremka kwa daladala, mpwa wangu amepakata chupa, mimi bahasha na kapu la mabungo.

Eka mbili hazizuii mafuriko ya Jangwani. Nilimwambia hivyo mama wa Kigogo kabla hata sijakaa, kwa sababu sikutaka anipe imani ambayo siwezi kuilipa. Wenye ardhi kama bibi inabidi wawe mamia, na mjane wa Kinyerezi na matete yake awemo. Nikamwonyesha chupa. Nikamwonyesha picha ya msandarusi, bibi amesimama chini yake na bakora, na komba kama nukta mbili nyekundu kwenye giza. Nikamtajia milioni 5 na laki 8.

Akagawanya kwa elfu sitini kwenye simu. Nyumba 97.

Akatoka hadi mlangoni, akaanza kuhesabu kwa kidole mapaa ya mabati kuelekea mtoni, akitaja nani yuko, nani kahama, nani hana kitu kabisa. Alipofika 41 akageuka.

"Hiyo Pugu, nauli ni shilingi ngapi? Jumamosi nakuja na wawili. Tutauona huo mti."